"Mwalimu, hii video tuitume wapi?" Dhana potofu kuhusu rekodi za mchemraba wa Rubik

Jumamosi iliyopita, kabla hata sijafungua mkoba wa michemraba, mzazi mmoja alinisogezea simu. "Mwalimu, hebu tazama. Binti yangu kapanga kwa sekunde tisa. Hii video tunaituma wapi waiingize kwenye rekodi ya Tanzania?"

Nafundisha watoto kupanga mchemraba wa Rubik, yaani kuuzungusha mpaka kila upande uwe wa rangi moja, hapa Dar es Salaam, na swali hili nimelijibu mara nyingi kuliko swali la namna ya kupanga upande mweupe. Simlaumu baba yule. Anampenda mwanawe, na mitandaoni ameona vichwa vya habari vya "mtoto avunja rekodi" visivyoeleza rekodi inavyowekwa. Lakini nimechoka kulijibu mdomoni, kwa hiyo leo naliandika.

Dhana: ukiwa na video ya sekunde chache, una rekodi

Huna. Rekodi inayotambulika katika mchezo huu ni ile iliyowekwa kwenye mashindano ya WCA, chama cha dunia cha michemraba, mbele ya mjumbe wake anayeyasimamia. Video ya sebuleni, hata ipigwe kwa kamera ya bei gani, haiwi rekodi ya dunia, ya bara wala ya taifa. Hakuna mahali pa kuituma.

"Sasa kama kapanga kweli, kwa nini wasimwamini?" baba akauliza. Tukaitazama video mara tatu: mara ya kwanza tukamwangalia mtoto, ya pili mchemraba, ya tatu saa. Mchemraba aliuvuruga mwenyewe, mizunguko kama minane ya harakaharaka. Akaukagua kwa muda alioutaka. Saa ilikuwa ya simu, akaigusa kwa kidole gumba huku mchemraba tayari uko mkononi, na kuizima akaizima vivyo hivyo. Mwishoni kaka yake aliyekuwa akipiga video anasikika akisema, "Hii ndiyo nzuri, tuache hapo." Nikamuuliza binti, kabla ya hiyo nzuri zilikuwapo ngapi? Akajibu bila kuficha: tangu asubuhi, labda mia.

Sasa tazama jaribio moja rasmi linavyokwenda. Mvurugo hautungwi na mtu. Hutolewa na programu ya WCA iitwayo TNoodle, ambayo huchagua kwa kubahatisha hali moja kati ya hali zote ambazo mchemraba unaweza kukaa, nazo ni 43,252,003,274,489,856,000. Unaukabidhi mchemraba wako, unapelekwa kwa mvurugaji. Yeye huushika nyeupe ikiwa juu na kijani mbele, hufuata karatasi herufi kwa herufi, kisha huufunika. Huuoni mpaka umeketi. Mwamuzi akiinua kifuniko unapewa sekunde 15 za kukagua. Zikipita 8 anakutajia, zikipita 12 anakutajia tena. Unaurudisha mchemraba kwenye mkeka, unaweka mikono yote miwili juu ya saa ya mezani inayoendeshwa kwa kuguswa, taa ya kijani inawaka, unanyanyua mikono, na hapo ndipo muda unaanza kukimbia. Ukimaliza unauachia mchemraba kabisa ndipo unaizima saa kwa mikono miwili. Huugusi tena mpaka mwamuzi ameuinamia na kuukagua, ameandika muda kwenye kadi, na wewe umetia saini.

Watu huona huo ni urasimu. Mimi naona kila hatua imeziba tundu fulani. Mvurugo wa mkono wa mtoto huacha vipande vingi karibu na kwao, ndiyo maana programu ikawekwa, na kanuni zinakataza mvurugo ulio rahisi kupita kiasi: mchemraba wa 2x2 (vipande viwili kwa viwili kila upande), kwa mfano, haukubaliki kama unaweza kupangwa kwa mizunguko pungufu ya 4. Kifuniko kimewekwa kwa sababu anayeuona mvurugo mapema anaweza kuitafuta njia yote kichwani, au kuikariri. Washiriki wa kundi moja hupewa mvurugo uleule, na aliyekwisha kuuona haruhusiwi kumsimulia anayesubiri zamu. Kwa hiyo hata ile lawama ya "mwenzangu kapata rahisi" ndani ya kundi haina mguu wa kusimamia.

Halafu kuna wastani, jambo ambalo wazazi hawalipendi. Mchemraba wa 3x3, yaani ule wa kawaida, hushindaniwa kwa majaribio matano kila raundi. Bora zaidi linatupwa, baya zaidi linatupwa, matatu ya katikati yanachukuliwa wastani wake, na huo ndio unaoamua mshindi. Jaribio moja la kasi huingia kwenye orodha ya rekodi za jaribio moja, lakini ubingwa hauletwi na bahati ya mara moja.

Basi nikamweka binti yule mezani. Saa ya mashindano, sahani ya plastiki kuwa kifuniko, sekunde 15 za kukagua, mara tano. Alipata 12.40, 9.85, 11.10, 14.02 na 10.95. Tukatupa 9.85, tukatupa 14.02, tukajumlisha yaliyobaki na kugawa kwa tatu: 11.48. Uso wa baba ulinywea kidogo, wa mtoto ukachangamka. Maana kwa mara ya kwanza aliona kitu cha kufanyia kazi: lile jaribio la nne, alipokwama katikati ya tabaka la pili kwa sababu alikagua msalaba tu, ambao ni hatua ya kwanza, hakutafuta jozi ya vipande ya kuanzia hatua inayofuata.

Kama bado unadhani WCA ingeweza kuzipokea video ikitaka, kumbuka 2020. Corona ilisimamisha mashindano karibu kila mahali, wapangaji wa dunia nzima wamejifungia majumbani na kamera zao na saa zao halisi. Ubingwa wa Dunia wa 2021, uliokuwa ufanyike Uholanzi, ulifutwa. Pamoja na hayo yote, hakuna jaribio la nyumbani lililoingizwa kwenye rekodi. Chama kilisubiri mpaka watu wakutane tena ana kwa ana.

Wapo wanaonitajia Guinness, wale wa kitabu cha rekodi za dunia. Guinness wana rekodi nyingi za mchemraba, zikiwemo za kupanga chini ya maji na za kupanga juu ya baiskeli, na hizo zina taratibu zake. Lakini kwa kasi ya kawaida, wao wenyewe hufuata matokeo ya WCA. Max Park, mpangaji wa Marekani, alipopanga kwa sekunde 3.13 mwezi Juni 2023 huko Long Beach, California, alikuwa kwenye mashindano ya kawaida ya wikiendi, mwamuzi mezani na kadi ya matokeo kama ya mtoto anayeshiriki kwa mara ya kwanza.

Ushauri wangu, nao nausema kwa ukali kidogo: muda unaoutumia kuhariri video, utumie kutafuta mashindano. Orodha yake hutangazwa hadharani na mapema kwenye tovuti ya WCA. Karibu nawe hakuna? Wasiliana na mjumbe, tafuta ukumbi, meza na watu wazima walio tayari kuketi kama waamuzi kutwa nzima. Hivyo ndivyo mashindano yanavyofika mahali.

Dhana: WCA ni kitengo cha kampuni inayotengeneza mchemraba

Ernő Rubik, mwalimu wa usanifu mjini Budapest, aliubuni mchemraba 1974. Jina "Rubik's Cube" lilikuja 1980 ulipoanza kuuzwa duniani, na chapa hiyo tangu 2021 iko mikononi mwa Spin Master ya Kanada. WCA haimo kwenye mnyororo huo. Ni shirika lisilo la faida, lilianzishwa 2004 na Ron van Bruchem wa Uholanzi na Tyson Mao wa Marekani, wapangaji wote wawili, na mpaka leo linaendeshwa na watu wanaojitolea. Kuna bodi, kuna wajumbe wanaosimamia mashindano, na kuna kamati: moja ya kanuni, nyingine ya matokeo, nyingine ya maadili, na kadhalika. Kanuni ziko wazi kwa yeyote kuzisoma, na mapendekezo ya kuzibadilisha hujadiliwa hadharani.

Kwa hiyo unaposhindana hulazimiki kutumia chapa yoyote. Wengi wa walio juu hutumia michemraba ya viwanda vya China kama GAN na MoYu, yenye sumaku ndani na iliyotiwa mafuta ya kulainisha. Hapana, sumaku na mafuta si udanganyifu. Vinaruhusiwa, na naomba wazazi waache kuninong'oneza kuhusu mtoto wa jirani.

Dhana: mashindano yameendelea mfululizo tangu 1982

Hili nalisikia hata kwa walimu wenzangu. Ubingwa wa kwanza wa dunia ulifanyika Budapest tarehe 5 Juni 1982, akashinda Minh Thai kutoka Marekani kwa sekunde 22.95. Wakati huo lilihesabiwa jaribio bora kati ya matatu. Baada ya hapo mchemraba ulipoa, ukaishia kwenye makabati. Ubingwa wa pili ulikuja 2003 mjini Toronto. Miaka 21 katikati!

Kilichoufufua ni intaneti. Jessica Fridrich, aliyekuwa akishindana Czechoslovakia enzi zile za 1982, aliiweka njia yake ya kupanga mtandaoni mwaka 1997, na vijana waliokuwa wakihangaika peke yao vyumbani wakagundua kuwa wako wengi. Toronto ikawakutanisha, na mwaka uliofuata chama kikazaliwa. Tangu hapo ubingwa wa dunia hufanyika kila baada ya miaka miwili, isipokuwa ule wa 2021 niliokwisha kuutaja.

Na michezo yenyewe si ile ile tangu mwanzo. Leo ipo 17, kuanzia 2x2 hadi 7x7, kwa mkono mmoja, kwa kufumba macho (ambapo mwamuzi huweka karatasi kati ya uso wako na mchemraba, kitambaa hakitoshi), piramidi na mingineyo. Kupanga kwa miguu kulikuwemo, kukaondolewa baada ya 2019. Anayejifunza kwa miguu leo afanye kwa kujifurahisha.

Dhana: mabingwa hupanga kwa mizunguko 20

Mwaka 2010 mtaalamu wa kompyuta Tomas Rokicki na wenzake watatu walithibitisha, kwa msaada wa kompyuta nyingi za Google, kwamba hali yoyote ya mchemraba inaweza kupangwa kwa mizunguko isiyozidi 20. Inaweza, haina maana kwamba kuna binadamu anayeiona njia hiyo kwa sekunde 15. Anayetumia njia ya Fridrich huzunguka mara 50 hadi 60, na ushindi wake uko kwenye vidole visivyosita. Kuna mchezo tofauti wa mizunguko michache, unapewa karatasi, kalamu na muda wa saa moja nzima. Huko, mwaka 2019, Sebastiano Tronto wa Italia alipata suluhisho la mizunguko 16.

"Lazima awe mkali wa hesabu." Hapana. Hatua ya mwisho ya njia ya Fridrich ina kanuni 21 za kukariri, yaani mifuatano ya mizunguko, ile iliyotangulia ina 57. Ni kukariri na kurudia, kama mtoto wa madrasa anavyoshika sura. Nina wanafunzi wanaopata alama hafifu za hesabu shuleni na wanapanga vizuri kabisa. Rubik mwenyewe alichukua takriban mwezi mmoja kuupanga kwa mara ya kwanza.

"Bado mdogo, atashindana na nani?" Na wote. WCA haina makundi ya umri wala ya jinsia. Mtoto wa miaka saba na baba wa miaka hamsini hukaa meza moja. Mtoto anahitaji idhini ya mzazi tu. Hakuna ada ya uanachama. Kinacholipwa, kama kipo, ni kiingilio cha mashindano husika. Namba yake ya utambulisho, inayoanza na mwaka aliposhiriki mara ya kwanza, ataipata baada ya mashindano hayo, kwa hiyo msiniombe niwatafutie mapema.

Na la mwisho, kwa sababu linaniletea mchemraba mmoja kila wiki: "Mwalimu, umeharibika, kanuni hazifanyi kazi." Haujaharibika. Mtu kauangusha au kauvuta, kona moja imejizungusha mahali pake, au mdogo wake kaufungua na kuurudisha vipande anavyojua. Ukivirudisha ovyo, kuna nafasi moja tu kati ya 12 kwamba mchemraba utapangika. Kubandua na kubandika stika upya ni kubaya zaidi, maana unaweza kupata kipande chenye nyeupe na njano pamoja, rangi ambazo kwenye mchemraba wa kawaida hukaa pande zinazopingana na hazikutani kamwe. Angalia tabaka la mwisho: kila kitu kikiwa sawa na kona moja tu imegeuka, ishike kwa vidole viwili, izungushe palepale mpaka rangi zikae. Ukisikia mlio mdogo wa plastiki usiogope. Ila ufanye hivyo nyumbani. Kwenye jaribio rasmi, kuna kanuni zinazosema ni lini kona moja inaweza kugeuzwa na kwa namna gani, na mwanao azisome kabla ya kuketi mezani.