Ukatili kwa wanyama: maana yake katika mashamba ya Uingereza ya Malkia Victoria

Kisheria, ukatili kwa wanyama ni kumtesa mnyama, awe wako au wa mwenzako. Wakati wa Malkia Victoria (1837–1901), kosa hili lilikuwa mbali na jingine linalofanana nalo, yaani kujeruhi mifugo. Ukimkata ng'ombe wa jirani kwa chuki, umeharibu mali ya mtu, na sheria ya 1861 iliruhusu kifungo cha kazi ngumu hadi miaka 14. Ukimcharaza farasi wako mwenyewe, hakuna aliyepata hasara ila mnyama ameumia. Hapo ndipo sheria ya 1849 ilipoingia. Ilikataza kumpiga mnyama kikatili, kumtesa na kumswaga kupita nguvu zake, na faini yake ilifika pauni 5.

Lakini mkono ulioshika kiboko shambani mara nyingi ulikuwa wa mtoto. Joseph Arch, aliyekuja kuanzisha chama cha wafanyakazi wa mashambani mwaka 1872, alianza kazi na miaka 9: kufukuza kunguru kwenye mbegu, saa 12 kwa siku, kwa peni 4. Wavulana wakikua kidogo walipewa kuongoza farasi wa plau. Mtoto alitembea kando ya kichwa cha farasi, tope zito limemganda viatuni, mwenye plau nyuma akimfokea. Mtaro ukipinda, lawama ni zake.

Tupige hesabu. Wakati huo pauni moja ilikuwa peni 240, kwa hiyo pauni 5 ni peni 1,200. Kwa ujira wa peni 4, ni siku 300 za kazi. Aliyesababisha mnyama ateswe naye aliweza kushtakiwa, kwa hiyo bwana aliyetoa amri hakuwa salama. Ila mtoto naye hakuwa salama: akifikisha miaka 7 aliweza kufikishwa mahakamani, ingawa hadi 14 ilipaswa kuthibitishwa kwamba alijua anatenda ubaya.

Kinachoniuma mimi ni tarehe. Farasi, ng'ombe na kondoo walipata sheria yao 1822, kwa juhudi za mbunge Richard Martin. Watoto wa magenge, wale waliozungushwa na msimamizi shamba hadi shamba wakipalilia na kuokota mawe, walingoja hadi 1867 ndipo magenge hayo yakakatazwa kuchukua mtoto wa chini ya miaka 8. Sheria ya kuzuia ukatili kwa watoto ilipitishwa 1889, miaka 67 baada ya ile ya farasi.