Profesa Mmari na chuo kikuu kisicho na mabweni

Profesa Geoffrey Mmari alipokabidhiwa Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, hakuwa mgeni kwenye uongozi. Alikwisha kuwa Makamu Mkuu wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, Morogoro, kisha wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pale Mlimani. Huko kote mhadhiri na mwanafunzi walionana ana kwa ana. Chuo Huria, ambako mwanafunzi husoma akiwa mbali bila kuhudhuria darasani kila siku, kilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, na kikapokea wanafunzi wa kwanza mwaka 1994. Makao yake yakawa Kinondoni, lakini wanafunzi wake walitawanyika nchi nzima.

Kwangu mimi ninayefanya kazi ya elimu ya watu wazima hapa Dar es Salaam, uteuzi ule ulikuwa na uzito mkubwa. Wananchi wengi walidhani shahada ya masafa, yaani inayosomwa kwa mbali, ni shahada nyepesi (dhana hiyo bado ninaisikia, hata maofisini). Kumweka mwanataaluma aliyekwisha kuongoza vyuo viwili vikuu vya umma kulionyesha kwamba kinachojengwa ni chuo kikuu kamili.

Kazi yenyewe ni ngumu kuliko inavyodhaniwa. Mhadhiri akieleza jambo vibaya ukumbini, mikono inanyooshwa na anarekebisha palepale. Kwa anayesoma peke yake Mbagala baada ya zamu ya usiku, moduli, yaani kitabu cha somo kinachotolewa na chuo, ndiyo mhadhiri. Aya moja isiyoeleweka inaweza kumkwamisha wiki nzima. Kwa hiyo moduli lazima iandikwe kwa mtu asiye na wa kumuuliza: mifano mingi, maswali ya kujipima, lugha nyoofu. Halafu kuna vituo vya mikoa, ambako mwanafunzi hupata ushauri, hukutana na wenzake na kufanya mitihani chini ya usimamizi. Heshima ya shahada inalindwa hapo kwenye chumba cha mtihani. Kiongozi wa chuo cha masafa akilegea hapo, hakuna jengo litakalomwokoa.

Mmari aliongoza hadi 2005. Waliomfuata, Profesa Tolly Mbwette na kisha Profesa Elifas Bisanda, wote wahandisi, na ni katika vipindi vyao ufundishaji kwa njia ya mtandao ulipopanuka. Moduli iliyosafiri kwa siku nyingi sasa inafunguka kwenye simu ndani ya daladala. Upweke wa mwanafunzi, hata hivyo, simu haijauondoa, na nina hakika ndio unaowakatisha tamaa wengi kuliko ugumu wa masomo.

Ukitaka kujiunga, kwanza hakikisha programu unayoitaka inatambuliwa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania. Kisha nenda kituoni kabla ya kulipa ada. Dar es Salaam vipo Kinondoni, Ilala na Temeke. Uliza ratiba ya mitihani ili uombe ruhusa kazini mapema, na ulizia wanaosoma programu hiyohiyo karibu na kwenu. Kundi la watu watatu au wanne linalokutana kila Jumamosi linatosha.