Kumuua Mungu Mkuu Katika Ulimwengu wa Mchezo

Wasimamizi wenzangu wa michezo ya mezani ya kuigiza wahusika huniuliza mara kwa mara iwapo inafaa kumuua mmoja wa miungu wakuu wa ulimwengu wanaouendesha, na kama inafaa, afe vipi. (Miungu ninaowazungumzia ni wa kubuni, wa dadu na karatasi za wahusika, kwa hiyo msomaji mwenye dini yake asikwazike.) Jibu langu ni kwamba inafaa, ila namna ya kufa huja baadaye. Kinachotangulia ni mirathi: nani atarithi nguvu za marehemu, nani atajitokeza kuwadai waumini wake, na ni adui gani aliyekuwa amezuiliwa na uhai wake tu ambaye sasa amefunguliwa njia.

Wazo kwamba mungu wa mchezo anaweza kufa si geni. Mwaka 1980 kampuni ya TSR, wachapishaji wa Dungeons & Dragons, ilitoa kitabu kilichowapa miungu takwimu kama zile za mazimwi, Zeus akapewa pointi 400 za uhai, na chochote chenye pointi za uhai wachezaji watakipiga mpaka ziishe. Vifo vya namna hiyo naviacha. Ninachojadili ni kifo kinachoamuliwa na mtunzi wa ulimwengu wenyewe, ambacho wachezaji hukikuta kimeshatokea au hukishuhudia bila uwezo wa kukizuia.

Mfano unaofahamika kuliko yote ni Mystra wa Forgotten Realms, ulimwengu uliobuniwa na Ed Greenwood na kuchapishwa na TSR mwaka 1987. Mystra ni mungu wa kike wa uchawi, na ndiye anayeutunza utando ambao wachawi wote huuvuta wanapotaka kufanya kazi yao. Katika kalenda ya ulimwengu huo, mwaka 1358, Ao aliye juu ya miungu wote aliwatupa duniani baada ya wawili kati yao, Bane na Myrkul, kuiba vibao vya majaaliwa. Mystra alijaribu kurudi juu kwa kupanda ngazi ya mbinguni. Helm, mungu aliyewekwa hapo kuilinda, akamwamuru arudi, naye alipokataa akamuua. Uchawi ukaharibika, mahali pengine ukazimika kabisa na pengine ukatoa matokeo ambayo hakuna aliyeyaomba, mpaka kiti chake kikachukuliwa na Midnight, mchawi aliyekuwa binadamu wa kawaida.

Tukio la ngazi lina uzito wake, kwa sababu Helm hakuwa mwovu. Alikuwa mtumishi anayetii amri. Lakini sababu halisi ya vurugu zote hizo ilikuwa toleo la pili la kanuni za mchezo wenyewe wa TSR lililotoka mwaka 1989, ambalo lilibadilisha mambo kadhaa na likahitaji maelezo ndani ya hadithi. Ushahidi ulio wazi zaidi ni wauaji wa kukodiwa: fani hiyo haikuwemo tena katika kitabu kipya, basi katika hadithi wauaji wote wakafa kwa mkupuo. Mchezaji aliyeshika mhusika wa fani hiyo alielewa mara moja kwamba aliyemuua mhusika wake ni kitabu.

Mwaka 2008, toleo la nne lilipokuja na mfumo mwingine kabisa wa uchawi, Mystra aliuawa tena, safari hii na miungu wengine, Cyric akisaidiwa na Shar, na kalenda ya ulimwengu ikasogezwa mbele karibu karne nzima. Hilo la kalenda ndilo lililowaudhi watu, na nadhani walikuwa na haki, maana marafiki, maadui na wafalme ambao wachezaji walikuwa wameishi nao kwa miaka waligeuka kuwa majina ya makaburini. Toleo la tano la mwaka 2014 lilimkuta Mystra amesharudi. Tukio pekee katika ukoo huo ninalolihusudu ni la kale, la Mystryl aliyemtangulia: Karsus wa Netheril, mwanadamu, alijinyakulia nguvu zake, na Mystryl akajitoa mhanga ili kuuokoa utando. Miji iliyokuwa ikielea angani ilianguka, na magofu yake yamewapa wachezaji kazi ya kuchimba na kupekua tangu hapo.

Ajabu ni kwamba kifo bora zaidi kilitokea katika vurugu zile zile za mwaka 1358, pembeni. Bhaal, mungu wa mauaji, aliona kifo chake kinakuja, akazaa watoto na wanawake wengi ili kupitia kwao apate njia ya kurudi, kisha Cyric, wakati huo akiwa bado binadamu, akamuua darajani Boareskyr. Mwaka 1998 kampuni ya BioWare ilijenga juu ya jambo hilo mchezo wa kompyuta wa Baldur's Gate, ambamo mchezaji anagundua kwamba yeye ni mmoja wa watoto hao. Hapo mirathi haiko mahakamani kwa watu wengine. Iko ndani ya damu ya mhusika, na ndugu zake wengine wanaitaka.

Kampuni ya Paizo, wachapishaji wa mchezo wa Pathfinder, ilikwenda mbali zaidi katika ulimwengu wake wa Golarion. Aroden, mungu wa wanadamu, alitabiriwa kurudi duniani na kuongoza zama za utukufu. Siku ilipofika hakurudi, alikufa. Dhoruba ikaharibu mataifa mawili na bado inazunguka pale pale. Kaskazini likafunguka pengo ambalo pepo wabaya wanamiminika kupitia. Dola ya Cheliax, iliyokuwa ikijiandaa kumpokea, ikapigana yenyewe kwa yenyewe mpaka ikaangukia mikononi mwa ukoo uliofunga mkataba na mashetani. Iomedae, tarishi wa Aroden, akawarithi waumini wengi. Tangu siku hiyo utabiri wa aina yoyote hauaminiki. Yote haya yametokea karibu karne moja kabla kampeni, yaani mfululizo wa vikao vya mchezo, haijaanza, kwa hiyo hakuna mchezaji aliyenyang'anywa chochote, na wachapishaji hawajawahi kusema alikufaje.

Msimamizi anayetaka kumuua mungu katikati ya kampeni hana anasa hiyo, na hapo mtu wa kuangaliwa ni mchezaji ambaye mhusika wake ni kuhani, mwenye nguvu zinazotoka kwa mungu huyo. Nilipomwondoa mungu wa bahari katika ulimwengu wangu, kuhani wake alikuwa ameweka mikono juu ya baharia aliyechomwa mkuki. Mchezaji akarusha dadu, akapata namba nzuri sana, nami nikamwambia kwamba jeraha halikufunga. Alirusha tena bila kuambiwa. Meza nzima ilinyamaza, lakini yeye mwenyewe hakushangaa sana, kwa kuwa nilikuwa nimeshazungumza naye faragha na tulikuwa tumeelewana atabaki na nini: nusu ya uwezo wake, unaotoka mahali asipopajua. Paizo walifanya jambo linalofanana na hilo hadharani mwaka 2024. Walitangaza mapema kwamba mmoja wa miungu wakuu atakufa, wakawa wanawataja walionusurika mmoja mmoja, mpaka ikafahamika kwamba anayekufa ni Gorum, mungu wa vita. Wengine waliona ni mbinu ya biashara, na bila shaka ilikuwa hivyo, lakini iliwapa wenye makuhani wake muda wa kujipanga.

Kuhusu kumfufua, mimi ni mkali. Bane, Bhaal na Myrkul wote wamesharudi, na sasa mchezaji wa Forgotten Realms akisikia mungu amekufa hasikitiki, anauliza atarudi katika toleo gani. Wachezaji wakisisitiza kumtafuta wao ninawapa mahali pa kwenda. Katika Dungeons & Dragons mizoga ya miungu huelea katika anga ya Astral, na Wagithyanki, viumbe wapiganaji wanaoishi humo, wamejenga mji wao wa Tu'narath juu ya mmoja wapo. Wanaotaka kumwamsha aliyelala pale wajue kwanza watawaeleza nini wenyeji, ambao nyumba zao, ngome zao na malkia wao viko mgongoni mwake.