Gari linachemsha kwenye foleni tu? Anza na feni

Dereva anatoka Kibaha, mshale wa temprecha umetulia katikati. Akikuta foleni Ubungo, mshale unapanda. Magari yakisogea, unashuka. Gari la namna hii likifika gereji, mafundi wengi hukimbilia kung'oa thermostati, ile vali inayofungulia maji kwenda kwenye rejeta injini ikipata moto. Sisi tunaofundisha ufundi magari tunaomba waiache kwanza. Likiwa mwendoni, rejeta inapozwa na upepo wa barabarani. Likisimama, kazi yote inabaki kwa feni.

Kwenye magari mengi madogo feni ni ya umeme. Washa injini na AC, kisha sikiliza. Feni ikiwa kimya, kagua fyuzi, halafu relei, yaani swichi ndogo inayoipelekea feni umeme. Unaweza kuazima relei ya honi kwa majaribio kama ni ya aina ileile. Bado? Chomoa soketi ya mota uipe umeme wa betri moja kwa moja, vidole vikiwa mbali. Ikizunguka, tafuta ubovu kwenye nyaya au sensa ya joto. Isipozunguka, mota imekufa.

Lakini feni kuzunguka tu hakutoshi. Mota ya mtumba ikifungwa nyaya kinyume, inasukuma upepo mbele badala ya kuuvuta. Weka karatasi mbele ya rejeta: inapaswa kunyonywa na kung'ang'ania hapo. Kava la plastiki linaloizunguka feni nalo si pambo. Likitolewa, feni huvuta hewa ya pembeni na rejeta inabaki na joto lake. Kwenye Land Cruiser na pikapu nyingi za dizeli, feni huzungushwa na injini kupitia klachi yenye mafuta mazito ya silikoni. Zima injini ikiwa ya moto, kisha zungusha feni kwa mkono. Ikiteleza bila ukinzani, klachi imechoka.

Feni ikiwa nzima, geukia maji na mfuniko wa rejeta. Mfuniko ndio unaoshika presha ili maji yasichemke yafikapo nyuzi 100, na ndiyo maana kuufungua injini ikiwa ya moto huunguza watu uso. Subiri hadi hozi ya juu iwe laini na ya baridi. Maji ya kisima yenye chumvi huziba rejeta, tumia kulanti, yaani kimiminika maalumu cha kupozea injini.

Mapovu yasiyokoma ndani ya rejeta, au oili iliyogeuka rangi ya chai ya maziwa, hayo ni ya gasketi ya silinda hedi, ile inayoziba kati ya kichwa cha injini na bloku yake. Hapo usiliendeshe, livutwe.