Losheni ya kalamaini: inavyotuliza mwasho, na ngozi isiyoifaa

Kalamaini ni ile losheni ya rangi ya waridi inayokauka na kuacha kitu kama chaki juu ya ngozi. Kazi yake ni kupoza mwasho, basi. Haiui wadudu wala fangasi, na haiondoi mzio.

Ndani ya chupa kuna unga wa zinki, maji, na glisirini kidogo. Kwa kanuni ya kitabu rasmi cha dawa cha Uingereza, kila mililita 100 huwa na gramu 15 za unga wa kalamaini wenyewe, ambao nao ni wa zinki, na gramu 5 za oksidi ya zinki, pamoja na udongo laini wa bentonaiti unaosaidia unga uelee. Rangi ya waridi inatokana na oksidi ya chuma iliyotiwa kidogo sana. Wengi huidhani ndiyo dawa yenyewe, kumbe ni rangi tu.

Maji yakikauka juu ya ngozi huondoka na joto lake. Ubaridi huo hupita kwenye mishipa ya fahamu na kuufifisha mwasho. Unga unaobaki hunyonya unyevu na kuzuia nguo isisugue pale panapowasha. Kwa hiyo nafuu yake ni ya muda, na ndiyo maana hupakwa mara 3 hadi 4 kwa siku. Pia ndiyo maana huifaa ngozi yenye unyevu au joto: harara, tetekuwanga, alama za kuumwa na mbu, ngozi iliyoguswa na mmea unaowasha, au iliyobabuliwa kidogo na jua.

Ngozi kavu ni habari nyingine. Ukurutu mkavu, au miguu iliyopauka na kupasuka, huwasha kwa sababu imekosa maji na mafuta, nawe unaipaka kitu kinachokausha zaidi! Jioni utapata nafuu, kesho kutwa ngozi imekakamaa na inawasha kuliko mwanzo. Hapo linalohitajika ni mafuta mazito yasiyo na manukato, yapakwe mara baada ya kuoga, ngozi ikiwa bado na unyevunyevu.

Kosa la kwanza katika kupaka ni kutotikisa chupa. Unga hutuama chini. Usipotikisa, siku za mwanzo pamba itabeba maji mepesi yasiyosaidia kitu, na mwisho wa chupa utabakiwa na tope linalopasuka likikauka. Tikisa mpaka rangi iwe moja toka juu hadi chini.

Osha ngozi kwa maji ya baridi au ya vuguvugu. Maji ya moto huleta raha ya dakika chache, kisha mwasho hurudi kwa nguvu. Kausha kwa kugusagusa na taulo. Mimina losheni kwenye pamba, usichovye pamba chupani, maana uchafu wa ngozi utaingia humo. Gusagusa pale panapowasha bila kusugua, kwa sababu msuguo nao huamsha mwasho. Acha ikauke kabisa kabla ya kuvaa. Kabla ya kupaka tena, osha tabaka la zamani. Matabaka yakirundikana hukauka kama ukoko, huvuta vinyweleo, na mtu hujikuna kwa sababu ya dawa yenyewe.

Usiipake machoni, mdomoni, ndani ya pua, sehemu za siri, wala kwenye kidonda kibichi au kinachotoa maji mengi, kwani unga hugandana hapo na kubanduka na ngozi. Kama hujawahi kuitumia, jaribu kwanza sehemu ndogo ya ndani ya mkono na usubiri siku moja.

Kwa mtoto, soma lebo kabla ya kununua. Baadhi ya chupa zinazofanana na kalamaini huongezwa difenihidramini, dawa ya mzio. Mtoto mwenye tetekuwanga akipakwa hiyo mwili mzima, ngozi yenye malengelenge huipitisha hadi kwenye damu. Akipewa na sharubati yenye dawa hiyohiyo, kipimo huzidi: hulala fofofo au huweweseka, moyo ukienda mbio. Nyingine hutiwa kafuri, ambayo ikimezwa na mtoto mdogo huweza kuleta degedege. Mtoto mtafutie kalamaini tupu.

Pakiwa pamevimba na kuwa pekundu, krimu ya haidrokotisoni ya asilimia 1 hufanya kazi zaidi, maana inatuliza uvimbe wenyewe. Paka kidogo mara 1 au 2 kwa siku, isizidi siku 7 bila ushauri wa daktari, na isiwe usoni. Krimu ya urefu wa pingili ya mwisho ya kidole cha shahada, takriban nusu gramu, hutosha eneo la viganja viwili vya mtu mzima pamoja na vidole. Usiipake kwenye choa. Wekundu utapungua, utadhani umepona, huku fangasi wakitambaa chini kwa chini na ule ukingo wa duara ukipotea, hata daktari apate taabu kuutambua ugonjwa.

Mwasho unaozidi usiku, wenye vipele katikati ya vidole na kwenye viwiko vya mikono, huku wenzako nyumbani nao wakijikuna, karibu kila mara ni upele, ugonjwa unaoletwa na vijidudu vinavyochimba ndani ya ngozi. Hapo kalamaini itakupa usingizi tu. Dawa ni kama permethrini ya asilimia 5, inayopakwa kuanzia shingoni hadi nyayoni, ikakaa saa 8 hadi 14 ndipo ioshwe, kisha irudiwe baada ya wiki moja, na watu wote wa nyumba wapake siku moja.

Pakitoka usaha, homa ikipanda, au siku 7 zikipita bila nafuu, nenda kituo cha afya. Midomo au ulimi ukivimba, au pumzi ikibana, achana na chupa na ukimbilie hospitali saa hiyohiyo.