Upotevu wa mawimbi kwenye kebo ya rekoda ni nini?

Upotevu wa mawimbi ni kupungua kwa nguvu ya mawimbi ya televisheni yakiwa safarini ndani ya kebo, tangu yanapoingia nyumbani hadi yanapofika kwenye rekoda ya video. Wengi wakisikia "upotevu" hudhani ni kukatika: mawimbi yapo au hayapo. Sivyo. Kila kebo, hata iliyotoka dukani leo, hula kidogo. Fundi anachotafuta ni pale palipoliwa kuliko kawaida.

Enzi za analogi upotevu ulijitangaza mapema. Picha ilianza chenga chache, zikaongezeka siku hadi siku, na bado uliweza kufuatilia mpira ndani ya chenga hizo. Dijitali haina huruma hiyo. Picha hubaki safi kabisa hadi mawimbi yafike kiwango cha chini ambacho rekoda inaweza kukisoma, kisha ghafla inavunjika vigae-vigae, sauti inakatika, picha inaganda. Ndiyo maana mtu huapa kwamba jana ilikuwa nzuri. Ilikuwa nzuri kweli, ila ilikuwa ukingoni.

Upotevu hupimwa kwa desibeli. Ukipoteza desibeli 3, nusu ya nguvu imekwenda. Ukipoteza 10, imebaki sehemu moja ya kumi. Splita, yaani kifaa kinachogawa mawimbi ya kebo moja kwenda njia kadhaa, ikiwa ya njia mbili hula takriban desibeli 3.5 kwa kila tundu la kutokea, ya njia nne takriban 7. Sasa fuata kebo ya nyumba moja: splita ya njia mbili mlangoni, ya njia nne sebuleni, halafu mita 30 za RG-6, aina ya kawaida ya kebo ya televisheni, ambayo kwenye masafa (frikwensi) ya juu karibu na gigahezi moja hula kama desibeli 6. Jumla ni 16.5. Kinachofika kwenye rekoda ni kama asilimia 2 tu ya kilichoingia, na hakuna kifaa hata kimoja kilichoharibika!

Kebo hula masafa ya juu zaidi ya yale ya chini. Kwa hiyo chaneli kadhaa zikileta vigae na nyingine zikawa shwari, usikimbilie kuilaumu rekoda. Mara nyingi zinazosumbua zinarushwa kwenye masafa yaliyoumia zaidi.

Rekoda yenyewe ni shahidi mzuri, ukijua kuihoji. Cheza kipindi ulichorekodi siku ambayo hapakuwa na tatizo. Kipindi hicho kinasomwa kutoka kwenye diski, kebo ya ukutani haihusiki. Kikicheza vizuri huku matangazo ya moja kwa moja yanaganda, tatizo liko upande wa kebo au tyuna, sehemu ya rekoda inayopokea chaneli. Kisha chukua kipindi chenye kasoro, kirudishe nyuma, ukicheze tena. Picha ikivunjika sekunde ile ile kila mara, mara nyingi kasoro ilirekodiwa nayo, yaani mawimbi yalikuwa dhaifu wakati wa kurekodi. Ikihamahama, shuku diski au kebo ya HDMI, ile inayotoka kwenye rekoda kwenda kwenye televisheni. Na yale maneno "hakuna mawimbi" yanayoelea kwenye kioo? Bonyeza menyu ya rekoda kwanza. Menyu isipotokea, inawezekana televisheni haiipati rekoda kabisa, na kebo ya ukutani haina kosa.

Ushahidi ukielekea kwenye kebo, anza na koneka, kile kichwa cha kuunganishia kilicho mwishoni mwa kebo. Ifungue uitazame kwenye mwanga. Waya wa katikati uwe umenyooka na unang'aa. Ukiwa na rangi ya kijani, maji yameingia. Kagua pia nywele za wavu wa nje: unywele mmoja ukigusa waya wa katikati, umepiga shoti mawimbi yote. Ukirudisha, kaza kwa vidole mpaka mwisho, kisha ongeza kidogo kwa spana bila kulazimisha. Koneka iliyolegea hupoteza mawimbi na pia hukaribisha kelele za nje, na kelele ni hasara nyingine kabisa.

Hapo ndipo kiongeza nguvu kinapowadanganya watu. Kinakuza kila kinachokifikia, kelele zikiwemo, na huongeza zake kidogo. Ukikiweka nyuma ya rekoda, mwisho wa safari, unakuza mawimbi ambayo yameshachoka. Mahali pake ni mwanzoni, kabla ya splita. Mimi ningeanza kwa kuondoa splita isiyotumika, maana kuiondoa hakuongezi kelele wala hakuhitaji umeme. Splita ikibaki na tundu tupu, lifunge kwa kizibo cha omu 75, la sivyo mawimbi hugonga hapo yakarudi nyuma.

Baadhi ya rekoda zina ukurasa wa uchunguzi unaoonyesha nguvu ya mawimbi kwa desibeli za milivolti, ambapo sifuri ni sawa na milivolti 1. Karibu na sifuri ni pazuri. Chini ya hasi 10 anza kutilia shaka. Andika namba hiyo. Kisha ibebe rekoda hadi kebo inapoingilia nyumbani, iunganishe moja kwa moja kwa kipande kifupi, bila splita, usome tena chaneli ile ile. Namba ikipanda sana, mwizi yuko ndani ya nyumba. Ikibaki vile vile chini, mpigie simu anayekuletea huduma, umtajie namba zote mbili.