Kuhesabu gharama: maana yake kwa mwamini mpya

Ukipita Nala, Nzuguni au Ihumwa, pembezoni mwa jiji la Dodoma, hukosi pagale: kuta zimefika kwenye linta, nondo zimeshika kutu, ndani pameota mbigili. Mwenyewe alianza, hela ikakata. Yesu alitumia mfano kama huo katika Luka 14:28: "Maana ni nani katika ninyi, kama akitaka kujenga mnara, asiyeketi kwanza na kuhesabu gharama, kwamba anavyo vya kuumalizia?" Kanisani, kuhesabu gharama ni kumweleza mtu, kabla hajabatizwa, kile ambacho imani inaweza kumnyang'anya, ili aingie akijua.

Si kumtisha. Paulo alipigwa mawe Listra hadi watu wakadhani amekufa, kisha yeye na Barnaba wakarudi mji uleule kuwaambia wanafunzi kwamba ufalme wa Mungu huingiwa "kwa njia ya dhiki nyingi" (Matendo 14:22). Mhubiri anayesimama jukwaani na kutangaza kwamba ukiokoka leo shida zako zimekwisha anauza ramani bila kutaja bei ya saruji.

Huku kwetu gharama hiyo mara nyingi haiji na askari wala jela. Inaletwa na ndugu. Mvua za Ugogo, nchi ya Wagogo hapa Dodoma, ni za msimu mmoja, Desemba hadi Aprili hivi. Zikichelewa, kuna vijiji ambako wazee bado huitisha mchango wa tambiko, na kijana aliyebatizwa akikataa kutoa anaweza kuambiwa ndiye aliyefunga mvua. Mwinjilisti anayejua kazi yake hangoji siku hiyo ifike. Anamuuliza darasani: baba yako mdogo akija kudai mchango, utamjibuje? Wanayapanga maneno yenyewe: aanze na shikamoo, amkaribishe kiti, akatae tambiko bila kuwatukana waliolifanya miaka yote, kisha aseme yuko tayari kwa lipi: kuchimba kisima, kulisha wagonjwa, kushinda msibani hadi mwisho. Kukataa tambiko ni jambo moja. Kumkataa mzee ni jingine, na vijana wengi wa kuokoka jana huyachanganya.

Karani anayekataa bahasha ya rushwa ofisini naye ana gharama yake, kama alivyo nayo binti anayevunja uchumba kwa ajili ya imani. Majibu yao huandaliwa vilevile.

Sehemu inayosahaulika sana ni kutenganisha mateso ya imani na shida za kawaida. Ukame si mateso ya imani. Mtama wa jirani Mwislamu unakauka siku moja na wako. Kufukuzwa kazi kwa uchelewaji nako si kubeba msalaba. Petro alishaliona hilo: anaonya mtu asiteswe kwa uuaji, wizi, wala kwa kujishughulisha na mambo ya watu wengine (1 Petro 4:15). Ndiyo, kimbelembele amewekwa mstari mmoja na mwizi.

Hesabu hii haifanywi na mtu mmoja peke yake. Ni lazima ijulikane mapema nani atampa godoro aliyefukuzwa nyumbani, na nani ataongozana naye kwenda kuzungumza na wazazi. Kanisa lisilo na majibu hayo halijamwandaa mtu, limemwonya tu.

Na kuanguka, yaani kuikana imani shinikizo likizidi, kuandaliwe pia. Mwaka 250 Kaisari Decius aliamuru watu wa dola ya Roma watoe dhabihu kwa miungu na kupata hati ya kuthibitisha. Huko Karthago, mji wa Afrika Kaskazini, baada ya miaka mingi ya utulivu, Wakristo wengi walikwenda kutoa dhabihu, na wengine wakanunua hati bila kutoa dhabihu. Askofu wao Sipriani, ambaye mwenyewe alikuwa amejificha, alikuta ugomvi mkubwa juu ya namna ya kuwapokea. Mwaka 251 maaskofu walikutana wakaamua warudishwe kwa njia ya toba, aliyenunua hati akihesabiwa kosa jepesi kuliko aliyetoa dhabihu.